Dalili ya Mvua Si Mawingu Pekee: Ardhi ya Moiben, Mvua ya Milima na Wajibu wa Mwanakiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hufunzwa katika shule za msingi, huchambuliwa vyuoni, na hunukuliwa na wanasiasa kila uchaguzi ukaribiapo. Hata hivyo, mkulima wa Moiben, katika uwanda wa Uasin Gishu kaskazini mashariki mwa mji wa Eldoret, haitazami mbingu peke yake. Mwezi wa Machi, anapoamua iwapo atatia mbegu katika udongo mkavu au atasubiri, huinama, akafukua kiasi cha shubiri moja, akaufinya udongo kiganjani. Ukishikana, kuna unyevu. Ukimwagika kama unga, hakuna. Mkulima huyo huisoma mvua kwa chini.

Sayansi ya tabianchi, pamoja na mitambo yake yote, ilichelewa kuinama namna hiyo. Kwa muda mrefu modeli za kompyuta zinazoiga mvua ya dunia ziliishughulikia zaidi anga, na ardhi ikafanywa sakafu tu. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba sakafu hiyo ina neno katika mvua, hasa mvua ya milimani. Wanalobishania ni ukubwa wa neno hilo na upande linakoelekea.

Makala haya yanatoa maoni kwamba swali la jinsi ardhi inavyowakilishwa katika modeli hizo si la wanasayansi peke yao. Kabla ya kuwa hesabu, ni swali la maelezo: ardhi hii ni ya namna gani, ina udongo upi, imeoteshwa nini, na lini. Palipo na maelezo pana lugha. Kwa hiyo, mwanakiswahili anayedhani kwamba mjadala huu haumhusu ameiacha kazi yake mikononi mwa watu wasiomjua mkulima wa Moiben wala lugha zake.

Moiben na milima yake

Moiben iko juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki uwanda huo huinuka taratibu hadi ukingo wa Elgeyo, kisha ardhi hukatika ghafla na kuporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Kaskazini mashariki imesimama milima ya Cherangany, ambayo vilele vyake hupita mita 3,000. Milima hiyo huhesabiwa miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji nchini Kenya, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Mlima Elgon. Mto Moiben huanzia huko. Maji yake huzuiwa katika bwawa la Chebara na kupelekwa kwa mabomba hadi Eldoret, na yanayobaki hushuka kuelekea mto Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria. Mvua inayonyesha upande wa pili wa milima hiyo hiyo huteremka Kerio na kwenda Ziwa Turkana. Tone moja likisukumwa na upepo hatua chache tu juu ya kilele, limebadili ziwa.

Uwandani hunyesha takribani milimita 1,000 kwa mwaka. Bondeni, mahali ambapo mtu aliyesimama ukingoni Iten anapaona kwa macho, hunyesha pungufu mno, na miti ni ya miiba. Tofauti hii haikuletwa na mbingu mbili. Mbingu ni moja. Ardhi ndizo mbili.

Aidha, uwanda wenyewe umebadilika sura. Mwaka 1908, msafara wa Makaburu ulipofika na ng'ombe na magari yao ya kukokotwa, eneo hili lilikuwa nyika ya nyasi na malisho. Leo ni mashamba ya mahindi na ngano yaliyokatizwa na safu za mikaratusi. Kuanzia Januari hadi Machi sehemu kubwa ya mashamba hayo huwa uchi, udongo umelimwa na kugeuzwa juu chini. Kufikia Julai uwanda mzima ni kijani kibichi. Oktoba mahindi yamekauka yakiwa shambani, rangi ya majani makavu imetanda kila mahali. Mbegu za nyanda za juu, mathalani H614, huchukua zaidi ya miezi sita kukomaa. Kwa hiyo aliyekosea mwezi wa Aprili hana nafasi ya pili mwaka huo. Hili ndilo jambo lililo hatarini. Utabiri uliokosea mjini ni mzaha wa mwavuli uliobebwa bure. Utabiri uliokosea Moiben ni karo ya shule.

Nchi iliyo angani

Msomaji wa Shaaban Robert anaikumbuka Kusadikika, nchi iliyo angani, isiyo na udongo wa kukanyagwa. Modeli za kwanza za tabianchi zilikuwa jirani za nchi hiyo.

Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta inayoigawa anga katika visanduku na kukokotoa, kwa kanuni za fizikia, jinsi joto, upepo na mvuke vinavyopita kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Modeli ya dunia nzima huwa na visanduku vikubwa. Modeli ya kikanda hukata sehemu moja, kwa mfano Afrika Mashariki, na kuipa visanduku vidogo zaidi, huku ikipokea hali ya mipakani kutoka kwa modeli ya dunia. Chini ya visanduku vyote pana ardhi, nayo ina sehemu yake ya programu inayojibu swali moja kila dakika chache: je, ardhi inairudishia anga nini?

Mwaka 1969 Syukuro Manabe, mtaalamu mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani na ambaye mwaka 2021 alitunukiwa Nobeli ya Fizikia pamoja na wenzake wawili, aliiwakilisha ardhi kama ndoo. Kila mahali palikuwa na ndoo yenye uwezo wa kushika maji ya kina cha sentimita 15. Mvua ikinyesha, ndoo hujaa. Ikifurika, maji hutiririka. Jua likiwaka, maji huvukizwa kwa kadiri ya yaliyomo. Hapakuwa na jani, mzizi wala mfinyanzi. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, kwani angalau ardhi ilipewa kumbukumbu: mvua ya jana iliweza kuathiri hewa ya leo.

Katika miaka ya 1980 wataalamu kama Robert Dickinson waliipandia ndoo hiyo mimea. Yakaja majani yanayonasa mvua kabla haijafika chini, mizizi inayonyonya maji ya kina, na vitundu vya majani vinavyofunguka na kufumba kwa kufuata jua na kiu. Sehemu ya ardhi iliyotungwa na Dickinson na wenzake, iitwayo BATS, ilitiwa katika modeli ya kikanda ijulikanayo kama RegCM, ambayo baadaye ililelewa katika kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, na ikatumiwa sana na watafiti wa Afrika. Kwa modeli ya ukoo huo, Liqiang Sun, Fredrick Semazzi, Filippo Giorgi na marehemu Laban Ogallo walichapisha mwaka 1999 utafiti wao juu ya mvua za Afrika ya Mashariki. Wawili kati yao, Semazzi na Ogallo, ni wana wa eneo hili. Walichokiandika kilikuwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili hakikusimuliwa.

Kazi za ardhi katika modeli ni nne. Kwanza, hurudisha sehemu ya mwanga wa jua juu: udongo mweupe na mabua makavu hurudisha mwingi, msitu mweusi huumeza. Pili, hugawa joto lililobaki: ardhi yenye maji hulitumia kuvukiza, ardhi kavu hulitumia kuipasha hewa moto. Tatu, huukwaza upepo: msitu huukwaza kuliko ngano. Nne, huweka akiba ya maji na kuitoa polepole. Kwa istilahi za fasihi, ardhi imeacha kuwa mandhari na imekuwa mhusika. Na kama ilivyo katika riwaya, mhusika akichorwa vibaya, matukio yote yanayomtegemea huyumba.

Milimani kuyumba huko huzidi. Asubuhi jua huzipasha miteremko. Hewa iliyopata moto hupanda kutoka bondeni. Mvuke uliosafiri kutoka Ziwa Viktoria na kwingineko hukutana nayo juu. Mchana hadi jioni radi hupiga, na mara nyingi mvua ya mawe huyavunja mahindi. Iwapo mteremko ni msitu, shamba la viazi au mwamba mtupu, iwapo udongo wake una maji au umekauka, hayo ndiyo yanayoamua hewa itapanda saa ngapi na kwa nguvu gani. Modeli iliyokosea mteremko inaweza kuipata mvua ya mwezi mzima kwa jumla yake, lakini ikaiangusha saa isiyo yake na upande wa mlima usio wake. Kwenye jedwali kosa hilo ni dogo. Kwa anayeishi chini ya mteremko si dogo.

Mchanga wa Afrika nzima

Mifano mitatu inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili.

Mfano wa kwanza ni wa ukubwa wa miraba. Katika mpango wa kimataifa uitwao CORDEX, uigaji wa kwanza wa bara la Afrika ulifanywa kwa miraba ya takribani kilomita 50. Mraba mmoja wa namna hiyo ukianzia Moiben humeza uwanda, ukingo wa Elgeyo na sakafu ya Kerio kwa pamoja, kisha huvipa vyote kimo kimoja cha wastani. Ukingo hutoweka. Hata pale modeli inaporuhusu aina kadhaa za mimea ndani ya mraba mmoja, mimea hiyo yote hupewa mvua ileile na hewa ileile: mahindi ya uwandani na miiba ya bondeni hunywa kikombe kimoja.

Mfano wa pili unatoka Afrika Magharibi. Mwaka 2009 Allison Steiner na wenzake walieleza jaribio ambalo anga ya modeli ya RegCM iliachwa ilivyo, ila sehemu ya ardhi ikabadilishwa: BATS ikatolewa na nyingine mpya zaidi, iitwayo CLM, ikatiwa mahali pake. Mabadiliko hayo yalirekebisha majira ya kuingia na kuondoka kwa mvua za pwani ya Guinea, na yakapunguza mvua ya ziada ambayo modeli ilikuwa ikiizidisha Saheli. Anga haikuguswa, bali mvua ilibadilika.

Mfano wa tatu unastahili kutafakariwa na kila Mwafrika. Mwaka 2018 wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza na washirika wao walieleza uigaji wa kwanza wa aina yake wa bara zima la Afrika, wenye miraba midogo ya takribani kilomita 4.5, inayoweza kuonyesha radi mojamoja na hata kingo za Bonde la Ufa. Ilikuwa kazi kubwa na yenye manufaa. Lakini katika uigaji huo udongo wa bara lote, kutoka Kairo hadi Rasi, ulichukuliwa kuwa mchanga. Haikuwa kwa kutojua. Waliamua hivyo ili kuepuka mipaka ya bandia ambayo ramani za udongo zisizo sahihi zingeiingiza katika hesabu. Kwa maneno mengine, ramani zilizokuwapo za udongo wa Afrika zilileta mashaka kiasi kwamba ilionekana afadhali kuliweka bara lote chini ya udongo mmoja kuliko kuziamini.

Yeyote aliyewahi kutembea Moiben mvua ikiwa imenyesha, akarudi na kilo mbili za matope mekundu katika kila kiatu, anajua kwamba pale si mchanga. Mchanga huyapitisha maji upesi. Mfinyanzi huyashika na kuyaachia kwa masharti. Mvukizo wa mmoja si mvukizo wa mwingine, na tofauti hiyo ndiyo iliyoelezwa hapo juu kuwa hugawa joto la mchana. Makala haya hayanuii kuwacheka wataalamu hao, kwani walisema wazi walichokifanya. Yanauliza swali jingine: kwa nini ardhi ambayo wenyeji wake wanaweza kuitofautisha kwa kiganja, haikuwa na maelezo ya kutosha pale ilipohitajika kuelezwa?

Je, miti huleta mvua?

Hapa ndipo mjadala unapotoka maabarani na kuingia vijijini. Kila mtoto wa shule nchini Kenya ameandika insha yenye kauli kwamba miti huleta mvua. Kauli hiyo imetumiwa kuhimiza upandaji wa miti, jambo jema. Imetumiwa pia katika mabishano makali zaidi. Januari 2014 familia za msitu wa Embobut, katika milima ya Cherangany, wakiwamo Wasengwer wanaouhesabu msitu huo kuwa kwao, ziliondolewa na nyumba zikachomwa moto, hoja ikiwa ni kulinda mnara wa maji. Waliofukuzwa nao walijibu kwamba wao ndio walinzi wa kale wa msitu. Pande zote mbili ziliitaja mvua.

Modeli zinasemaje? Zinasema kwa tahadhari kuliko insha zetu za shule. Kwamba msitu hushika maji, hupunguza mmomonyoko na kuufanya mto utiririke hata wakati wa kiangazi, hilo halina ubishi mkubwa. Kwamba msitu huongeza mvua mahali pale pale uliposimama ni jambo gumu zaidi. Msitu huongeza mvuke hewani, lakini pia huipoza ardhi, na hewa iliyopoa haina pupa ya kupanda. Mwaka 2012 Christopher Taylor na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya setilaiti kutoka pande nyingi za dunia, kwamba mvua za mchana zina mwelekeo wa kuanza juu ya udongo mkavu zaidi kuliko ule unaouzunguka. Kwa upande mwingine, mvuke ulioachiliwa na msitu mmoja unaweza kunyesha mbali, juu ya shamba la mtu asiyeujua msitu huo. Jibu hubadilika kulingana na mahali, msimu, ukubwa wa eneo lililofyekwa na, isisahauliwe, sehemu ya ardhi iliyotiwa katika modeli.

Maoni ya makala haya ni kwamba ukweli huo wenye matawi hauudhoofishi ulinzi wa Cherangany. Unauimarisha. Hoja iliyojengwa juu ya kauli nyepesi huanguka mwaka mmoja tu wa mvua nyingi ukitokea baada ya miti kukatwa. Hoja iliyojengwa juu ya maji ya mto, udongo wa mteremko na uhai wa watu wa chini hudumu. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi na kuua makumi ya watu. Aprili 2020 ikawa zamu ya Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, miteremko iliporomoka Chesongoch na kuua watu tena. Mahali pote hapo ni pande za milima ile ile. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilichochewa na joto la Bahari ya Hindi iliyo mbali; ardhi ya Cherangany haikuziita. Lakini namna mteremko ulivyozipokea lilikuwa suala la ardhi. Kuyatenganisha mambo hayo mawili kwa lugha iliyo wazi ni kazi ya kuokoa uhai, na lugha yenyewe bado haijaundwa vya kutosha.

Masika yasiyo masika

Kiswahili kilizaliwa pwani, na majina yake ya majira ni ya pwani. Kina masika na vuli, kaskazi na kusi. Majina hayo ni hazina. Tatizo ni kwamba yamepandishwa hadi nyanda za juu bila kuulizwa kama yanafaa. Matangazo ya hali ya hewa yanapozungumzia masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mkulima wa Moiben husikiliza kalenda ya mtu mwingine. Kwake mvua ni msimu mmoja mrefu unaoanza Machi au Aprili na kwenda hadi Septemba au Oktoba, na Julai na Agosti, ambayo ni kiangazi cha baridi sehemu nyingine za nchi, ni miezi yake ya mvua. Vuli nzuri kwa mkulima wa Kitui ni mahindi kuoza kwa mkulima wa Moiben. Ni kweli kwamba utabiri wa Juni hadi Agosti nao hutolewa. Lakini jina lake kwa Kiswahili ni lipi? Wakalenjin wameitunza tofauti ya majira hata katika majina ya watoto wao: Kiprop na Jerop huzaliwa wakati wa mvua, Kipkemei na Jepkemei wakati wa ukame. Kiswahili cha nyanda za juu bado kinaazima.

Mfano mwingine ni neno wastani. Utabiri wa msimu, unaotolewa katika vikao vya wataalamu wa Pembe ya Afrika vilivyoanza mwaka 1998, hugawa mvua katika mafungu matatu: juu ya wastani, karibu na wastani, na chini ya wastani, kila fungu likiwa na asilimia yake. Kwa mtaalamu, wastani ni hesabu ya miaka mingi iliyopita. Katika Kiswahili cha kila siku, mvua ya wastani ni mvua ya kadiri, si haba, ya kuridhisha. Mkulima anayeambiwa kuwa uwezekano wa mvua ya wastani ni asilimia 40 husikia ahadi. Hajaambiwa kuwa asilimia 60 zilizobaki zimegawanywa kwa mambo mawili yanayopingana.

Istilahi za modeli zenyewe nazo zina mitego. Ukiita uigaji wa kompyuta uigizaji, msomaji huona jukwaa na wahusika. Ukiuita simulizi, mwanafasihi hukumbuka fasihi simulizi. Kielelezo tayari ni cha mwalimu ubaoni na wakili mahakamani. Yamkini modeli na uigaji ndiyo maneno yenye mzigo mwepesi. Unyevu wa udongo, mvukizo na uso wa ardhi hayahitaji kubuniwa upya. Yanahitaji kutumiwa kwa maana moja.

Wala Kiswahili hakianzi mikono mitupu. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na neno tabianchi, ambalo wengi walilibeza lilipoanza kusikika, leo limekubalika kuanzia magazetini hadi mikutano ya serikali. Isitoshe, neno hilo lina hekima ambayo hali ya hewa haina. Hali ya hewa hutazama juu. Tabianchi ni tabia ya nchi, na nchi katika Kiswahili cha asili ni ardhi pia, kama inavyodhihirika tunaposema nchi kavu. Lugha ilikuwa imeshasema kwamba ardhi imo ndani ya jambo hili, watumiaji wake wakawa hawajasikia.

Pingamizi mbili

Kunao watakaosema kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni fasihi na isimu, na kwamba mvua iachiwe wenye vipimo. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama vipimo vingekuwa vimeenea. Vituo vya kupima mvua katika nyanda za juu ni vichache, na vingi viko mijini, penye viwanja vya ndege au katika taasisi, si kwenye miteremko ambako mvua hubadilika kila kilomita. Pasipo na kipimo, kinachobaki ni ushahidi wa watu: msitu ulifyekwa lini, shamba huachwa uchi miezi ipi, ngano ilipisha mahindi mwaka gani, chemchemi ilikauka lini. Huo ni ushahidi wa masimulizi. Nani aliyefunzwa kukusanya masimulizi, kuyapima na kuyalinganisha, kama si mwanafunzi wa fasihi simulizi? Bila shaka kumbukumbu ya mzee haiwezi kuingizwa moja kwa moja katika hesabu ya modeli. Lakini kalenda ya mashamba na historia ya matumizi ya ardhi ni miongoni mwa mambo ambayo ramani za modeli huyahitaji na aghalabu huyakosa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka ndani ya taaluma yenyewe: kwamba istilahi hubuniwa mezani, zikachapishwa, zikafia kabatini. Ni kweli, na ndiyo sababu makala haya hayapendekezi kamati nyingine. Yanapendekeza kazi ianzie shambani. Tasnifu moja ikusanye maneno ya udongo, upepo na mvua yanayotumiwa na wakulima wa Moiben na Kapcherop kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin. Nyingine ichunguze matangazo ya hali ya hewa ya redio za Eldoret na kuwauliza wasikilizaji walichokielewa. Idara ya Kiswahili na ile ya jiografia zisimamie mwanafunzi mmoja kwa pamoja. Majarida ya wanafunzi yatenge kurasa chache kila toleo kwa utafiti mmoja wa sayansi utakaoelezwa kwa Kiswahili, mwanasayansi na mwanakiswahili wakiuandika kwa ushirikiano. Istilahi itakayopita katika tanuri hilo haitafia kabatini, kwa kuwa itakuwa imetoka kinywani mwa mtu.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo hauwezi kuishia kwenye viapo na mabango. Lugha rasmi ya nchi ya wakulima inapaswa kuweza kueleza, bila kuyumba, kwa nini mvua ilinyesha Iten na haikunyesha Tambach, modeli inajua nini kuhusu jambo hilo, na inakisia nini.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hakuna anayemtaka mwanakiswahili asane modeli. Hiyo ni kazi ya wanafizikia, nao wanaiendeleza kwa bidii. Lakini moto wa tanuri hilo unahitaji hewa, na hewa yake ni maelezo sahihi ya ardhi kutoka kwa watu wanaoishi juu yake. Machi ijayo mkulima wa Moiben ataufinya tena udongo kiganjani na kuamua. Ni haki yake kwamba atakapofungua redio jioni hiyo, asikie utabiri uliofika hadi alikoinama yeye, kwa maneno anayoyajua.